Mini ya 1959: Magurudumu, Dashibodi na Raha ya Dereva

Wengi wanaolisifu gari la Mini husema lilibuniwa kwa starehe ya dereva. Sikubaliani nao. Lilizaliwa katika uhaba: baada ya mgogoro wa Suez wa 1956, petroli ilitolewa kwa mgao Uingereza, na kampuni ya BMC ikamtaka Alec Issigonis abuni gari dogo lisilokunywa mafuta mengi.

Lilipotoka Agosti 1959 lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, lakini watu wanne walienea. Siri mojawapo ilikuwa magurudumu ya inchi 10, yasiyokula nafasi ya abiria. Kwa kuwa yaliwekwa kwenye pembe nne kabisa za gari, Mini ilishika barabara vizuri kwenye kona, na mwaka 1964 ikashinda mashindano ya Monte Carlo. Raha ilikuja kama nyongeza tu. Tena ilikuwa na gharama, maana gurudumu dogo huzama katika shimo ambalo kubwa lingelipita. Mimi niliyekulia kwenye barabara za vumbi za Uganda najua mgongo unavyolipa.

Dashibodi ilikuwa rafu tupu yenye saa moja ya mwendo katikati. Hivyo usukani uliweza kuwekwa kulia au kushoto bila taabu. Anayevuka kutoka Uganda kwenda Rwanda ataelewa faida yake. Lakini dereva alilazimika kugeuza macho, na abiria wote waliona anavyokimbiza! Mwaka 1969 toleo la Clubman lilisogeza saa mbele ya dereva, na 1984 magurudumu yakawa ya inchi 12.

Mini ya BMW ya 2001 iliirudisha saa katikati, naona kwa ukumbusho zaidi kuliko haja.