Uzi: Reli ililipiwa na nani?

Kila bajeti ikisomwa, swali hapa mtandaoni huwa ni moja: kodi zetu zinaenda wapi? Halafu hakosi mtu wa kusema angalau mkoloni alitujengea reli. Nasoma sayansi ya siasa chuoni na hiyo ya reli hunikera, kwa hivyo ngoja niifungue kidogo.

Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Pesa, zaidi ya pauni milioni 5, zilitoka kwa walipa kodi wa Uingereza.

Reli ilipofika ziwani, London ikataka koloni ijilishe. Ndipo 1901 ikaja sheria ya kodi ya nyumba. Ilitozwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, kwa hivyo mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. 1910 wakafikiwa na vijana wasio na nyumba, kwa kodi ya kichwa. Huna pesa? Nenda ukazitafute kwa shamba la mlowezi. Na hiyo haikuwa ajali, lilikuwa lengo mojawapo.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Miaka ya 1920 matawi ya reli yalipoongezwa, mengi yalifuata mashamba ya walowezi, kama lile la Uasin Gishu. Na hao walowezi walipiga kelele hadi kodi ya mapato ikafutwa 1922. Haikurudi mpaka 1937. Yaani mwenye nyumba ya nyasi analipa, reli inapita kwa mwingine.

Kodi ya Mwafrika ilikuwa imefika shilingi 16. Machi 1922 watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka karani mmoja kijana, aliyepinga kodi na kipande, aachiliwe. Wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Baadaye kodi ikashushwa hadi 12.

Turuke hadi 2013. Tukaletewa ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, uchangie SGR. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mkopo wa China.

Mamangu anauza mitumba. Nilipomweleza kwamba kila beli anayofungua imechangia ile reli, aliniangalia tu, kisha akauliza nauli ya Mombasa ni ngapi.