Pikapu ya Inchi 109

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, chuma kilikuwa adimu Uingereza na serikali ilikigawa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo kampuni ya Rover, ilipoionyesha Land Rover yake ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 1948, ilikuwa imeiundia bodi ya aluminiamu, jambo lililozaliwa na dhiki lakini ambalo baadaye liligeuka neema kwa watu wa pwani, ambao chumvi ya bahari haiwaachii bati. Ile ndefu, yenye inchi 109 baina ya ekseli zake mbili, ndiyo aghalabu iliyokuwa pikapu ya mashamba, ya misheni na ya idara za serikali, hata ilipochakaa ikaingia mikononi mwa raia.

Basi anayeifufua uani kwake ili impeleke kazini kila asubuhi asihadaike na bodi: chesisi ni ya chuma, nayo huoza kwa ndani. Nilimwona fundi mmoja chini ya mwembe, kalala chali juu ya gunia, akiigonga kwa nyundo ndogo shibiri kwa shibiri huku akisikiliza. Palipolia wazi alipita, palipojibu kwa mguno alitia alama ya chaki, na kutu ikamwangukia ndevuni. Alama zilikuwa nyingi kuliko fedha ya mwenye gari. Injini, silinda nne za petroli, haikuwasumbua. Iliposafishwa kabureta ilinguruma. Kuchomelea ndiko kulikokula mwezi mzima wa Ramadhani, maana fundi hakukubali katu kiraka juu ya kiraka.