Sintesaiza ya upepo ya analogi: upangaji wa sauti

Sintesaiza ya upepo ni ala ya umeme inayopulizwa kama saksafoni au tarumbeta, lakini mlio wake hautoki kwenye hewa inayotetema ndani ya bomba. Pumzi ya mpigaji hupimwa na kihisi cha shinikizo, vidole huchagua noti, na saketi za umeme ndizo zinazolia. Ala ya mwanzo ya namna hii kuuzwa kibiashara ni Lyricon, iliyobuniwa na Bill Bernardi na kutengenezwa na kampuni ya Computone ya Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1970. Miaka hiyohiyo Nyle Steiner, mpiga tarumbeta wa Utah, alikuwa akiunda ala zake mbili: EVI inayofuata vidole vya tarumbeta, na EWI inayofuata vile vya saksafoni na filimbi. Mwaka 1987 kampuni ya Akai ya Japani ilizitoa ala hizo pamoja na kisanduku cha sauti cha analogi kiitwacho EWV2000. Wengi wameisikia Lyricon bila kuijua, kwa kuwa Tom Scott aliipiga katika wimbo "Billie Jean" wa Michael Jackson, uliomo kwenye albamu Thriller ya mwaka 1982.

Anayejifunza kupanga sauti za ala hizi hukuta maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya wapiga kinanda. Maelekezo hayo huanza na osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi: chagua wimbi la msumeno au la mraba, changanya mawili, kisha endelea mbele. Kwa ala inayopulizwa, mpangilio huo humchelewesha mwanafunzi. Kazi inapaswa kuanza na pumzi, hasa njia inayoitoa pumzi kwenye kihisi na kuifikisha kwenye chujio. Wimbi linaweza kuchaguliwa baadaye, hata kubadilishwa mara kadhaa, na sauti ikabaki hai. Njia ya pumzi ikiwa mbovu, hakuna wimbi litakaloiokoa.

Sababu yake inaonekana katika mpangilio wa saketi zenyewe. Wimbi la msumeno lina hamoniki zote, yaani milio midogo yenye masafa ya mara mbili, mara tatu na kuendelea ya mlio wa msingi: ya pili ina nusu ya ukubwa wa ile ya msingi, ya tatu ina theluthi, na kuendelea hivyo. Wimbi la mraba lina hamoniki za namba witiri tu, ndiyo maana linakaribia sauti za chini za klarineti. Wimbi hilo hupita kwenye chujio linalokata hamoniki za juu, kisha kwenye amplifaya inayoamua ukubwa wa sauti. Katika kinanda, kidole kikishabonyeza, kazi kubwa huachiwa saketi ya umbo: ndiyo inayoamua sauti ianze kwa kasi gani, ishuke vipi na ikatike lini. Mpigaji akitaka noti ikue polepole, lazima awe ameipanga hivyo kabla. Mpulizaji hana haja ya kupangiwa. Yeye mwenyewe huianzisha noti, huikuza, huipunguza na kuimaliza, na kila tendo hilo hugeuka volteji papo hapo. Sauti ya kinanda iliyopangwa ishuke yenyewe baada ya nusu sekunde itagombana na mpulizaji anayeongeza pumzi wakati uleule saketi inapopunguza sauti. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya busara ni kuiondoa saketi ya umbo njiani, au kuifanya ifunguke mara moja na ibaki wazi, ili pumzi ichukue nafasi yake.

Kwa nini chujio, na si amplifaya, wakati pumzi nyingi huleta sauti kubwa? Jibu limo katika utafiti wa Jean-Claude Risset, mtunzi na mwanasayansi wa Ufaransa, aliyechunguza sauti za tarumbeta kwa kompyuta katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1960. Aligundua kwamba tarumbeta ikipigwa kwa nguvu, hamoniki za juu huongezeka kupita kiasi cha ongezeko la zile za chini. Tarumbeta iliyopulizwa kwa nguvu kwa hiyo ina rangi tofauti na ile iliyopulizwa taratibu, na msikilizaji huitambua tofauti hiyo hata redio ikiwa imepunguzwa sauti. Pumzi ikipelekwa kwenye amplifaya peke yake, kinachosikika ni mlio uleule ukisogezwa karibu na kupelekwa mbali, na sikio hulichoka jambo hilo upesi. Ikipelekwa kwenye chujio, kila ongezeko la pumzi hufungulia hamoniki nyingine, na sauti inang'aa jinsi inavyokua.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza, ila linadai subira. Chukua osileta moja tu yenye wimbi la msumeno. Fungua amplifaya kwa pumzi ndogo sana, ili isiwe kizuizi. Shusha chujio hadi noti ibaki kama mvumo hafifu, kisha ongeza kiasi cha pumzi kinacholifungua. Sasa pulizia noti moja ndefu, kutoka ukimya hadi nguvu zako zote, polepole, ukisikiliza mabadiliko yanapotokea. Ikiwa nusu ya kwanza ya pumzi haileti kitu na nusu ya pili inalipuka, chujio limeanzia chini mno. Ikiwa sauti inang'aa tangu mwanzo na haina pa kwenda, limeanzia juu mno. Rezonansi ya chujio iwe ndogo, kwa kuwa ikizidi hutoa mluzi unaopanda na kushuka kwa kila pumzi. Baada ya hapo jaribu noti hiyohiyo oktavu kadhaa juu. Chujio lililofunguliwa hadi herzi 1000 hupitisha hamoniki nne za noti ya herzi 220, lakini noti ya herzi 880 hubaki na hamoniki yake ya msingi tu, hivyo sehemu ya juu ya ala husikika imezibwa. Tiba yake ni kulifanya chujio lipande pamoja na noti. Sauti nyingi zinazodhaniwa kuwa mbaya zimekosa marekebisho haya mawili tu.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii haina haja, kwa sababu kila ala huja na sauti zilizopangwa kiwandani. Ni kweli, na baadhi yake ni nzuri. Lakini sauti hizo zilipangwa kwa mapafu ya mtu mwingine. Mpiga tarumbeta amezoea shinikizo kubwa la mdomoni, mpiga filimbi shinikizo dogo, na kihisi kilekile kikiwa na mpangilio uleule kitampa mmoja sauti inayokoroma na mwingine sauti isiyofunguka. Marekebisho hayaepukiki, na asiyejua njia ya pumzi hatajua pa kuyafanyia.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa dijitali. Mwaka 1994 Yamaha ilitoa VL1, sintesaiza inayokokotoa mwenendo wa ulimi wa mwanzi na hewa ndani ya bomba, na kwa kuiga saksafoni inaishinda analogi bila ubishi. Hata hivyo uigaji ni lengo moja tu kati ya mengi. Michael Brecker, aliyekuwa na saksafoni halisi na kuimudu kuliko karibu kila mtu wa zama zake, aliunganisha EWI na sintesaiza ya analogi ya Oberheim Xpander ili apate sauti ambazo saksafoni haiwezi kuzitoa. Kwa mwanafunzi, analogi ina faida nyingine: kila kidhibiti hufanya kazi moja inayosikika mara moja, hivyo sikio hujifunza sababu na matokeo kwa pamoja. Tena katika MIDI, mfumo wa mwaka 1983 wa kuunganisha ala za umeme kwa namba, pumzi kwa kawaida hugawanywa katika ngazi 128, na noti ndefu inayokua taratibu inaweza kuzifanya ngazi hizo zisikike. Volteji ya Lyricon haina ngazi.

Kanuni ya chujio nayo ina mipaka, na nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki inaionyesha vizuri. Ulimi wa ala hiyo huingia mdomoni wote, midomo haiugusi kwa ndani, na sauti yake hutoka kali tangu mwanzo bila tofauti kubwa kati ya pumzi ndogo na pumzi nyingi. Anayetaka mlio wa jamii hiyo alifungue chujio tangu awali, aipe pumzi kazi ya kuwasha na kuzima, na abakize uwezo wa kusogeza noti juu na chini. Ingawa uamuzi ni kinyume cha ule wa tarumbeta, swali lililouleta ni lilelile la pumzi iende wapi na kwa kiasi gani.

Kwa mtu asiye na Lyricon wala EWV2000, ambazo hazitengenezwi tena, njia haijafungwa. Kihisi chochote cha pumzi kinachotoa volteji, pamoja na sintesaiza yoyote ya analogi yenye tundu la kuingizia volteji ya chujio, vinatosha kuanzia. Anza na osileta moja, na usiongeze ya pili kabla noti ndefu ya osileta ya kwanza haijaitika pumzi yako tangu mwanzo hadi mwisho.