Wembley 1953: siku walimu wa soka walipochapwa sita

Sheria za soka ziliandikwa London mwaka 1863, na kwa miongo mingi baadaye Waingereza waliamini hakuna taifa la kuwafundisha lolote uwanjani. Mwaka 1928 walijitoa FIFA kwa ugomvi wa malipo ya wachezaji wa ridhaa. Kombe la Dunia la 1930, la 1934 na la 1938 hawakushiriki. Walipoenda Brazil mwaka 1950, Marekani ikawafunga 1-0 mjini Belo Horizonte. Wengi waliichukulia kuwa ajali tu.

Jumatano ya Novemba 25, 1953, Hungaria, mabingwa wa Olimpiki, wakatua Wembley mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Dakika ya kwanza haijaisha, Nándor Hidegkuti kashatikisa nyavu. Alivaa jezi namba 9 lakini hakukaa mbele. Alirudi katikati kuchukua mipira. Beki wa kati Harry Johnston akabaki njia panda: akimfuata anaacha pengo nyuma, akimwachia jamaa anapanga mashambulizi atakavyo. Kisha Ferenc Puskás akauvuta mpira kwa unyayo, nahodha Billy Wright akajirusha kuukaba upepo. Mechi ikaisha 6-3, Hidegkuti akiwa na matatu. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya Ulaya bara iliyokuwa imewahi kuifunga Uingereza nyumbani kwake.

Kinachouma zaidi ni kwamba elimu ile ilitoka kwao. Jimmy Hogan, mzaliwa wa Lancashire, alikuwa kocha wa MTK ya Budapest wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwafundisha vijana pasi fupi na kutuliza mpira. Kwao hakuna aliyemjali sana. Siku ile alikuwa jukwaani Wembley, na rais wa chama cha soka cha Hungaria, Sándor Barcs, alitamka wazi kuwa Hogan ndiye mwalimu wao.

Wakati huohuo kikosi cha Uingereza kilikuwa kikiteuliwa na kamati ya viongozi, si kocha Walter Winterbottom. Wachezaji sita wa siku ile hawakuitwa tena. Kuwatoa wachezaji ni rahisi; mfumo haukuguswa. Mei 1954 wakaenda Budapest, wakala 7-1, kipigo ambacho hadi leo ndicho kikubwa zaidi katika historia yao.

Mmoja wa wale sita, beki Alf Ramsey, alikuwa amefunga penalti Wembley. Alipopewa ukocha wa taifa mwishoni mwa 1962, alitoa sharti: timu ataipanga mwenyewe.