Valproeti: kiyeyushi kilichogeuka dawa

Miezi michache iliyopita dada yangu, binti wa mama mkubwa, alinipigia simu usiku. "Mdogo wangu, wewe si unasoma mambo ya dawa? Hivi hizi za kifafa niache? Nataka kupata mtoto." Nasoma kemia, si udaktari, ila kwetu shahada ya pili ni shahada ya pili. Nikamwomba anisomee jina lililoandikwa kwenye boksi. Sodiamu valproeti. Nikamwambia asiache hata kidonge kimoja usiku ule, kesho yake aende kliniki. Halafu mimi mwenyewe nikakaa kusoma historia ya kidonge chenyewe, na nikakosa usingizi.

Tuanzie mbali. Asidi ya valproiki ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1882 na mkemia Mmarekani, Beverly Burton. Ni molekuli ndogo mno: atomu 8 za kaboni, mikono miwili inayofanana, katikati kikundi cha asidi. Hakuna aliyeifikiria kuwa dawa. Kwa miaka 80 hivi ilikaa maabara ikifanya kazi ya kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia vitu vinavyokataa maji. Kwa wanamaabara ilikuwa kama mafuta ya taa ya kusafishia rangi, ipo rafuni, unaichukua ukiihitaji.

Mwaka 1962, Ufaransa, mwanafunzi mwenzetu (ndiyo, alikuwa anahangaika na tasnifu ya udaktari wa falsafa!) aitwaye Pierre Eymard alitengeneza kampaundi kadhaa mpya ambazo hazikuyeyuka kwenye maji. Wenzake wa Grenoble, Meunier na Carraz, wakazijaribu kwa wanyama wa maabara baada ya kuziyeyusha katika asidi ya valproiki. Wanyama walichomwa kemikali ya kusababisha degedege, lakini waliopewa kampaundi hizo walikingwa. Furaha kubwa! Tatizo ni kwamba wakajaribu kampaundi nyingine isiyofanana kabisa na zile, nayo ikakinga. Hapo ndipo wakajiuliza swali ambalo sisi tuliowahi kusahau kuweka kontroli tunalijua kwa uchungu: kwani hivi vitu vina nini cha pamoja? Kiyeyushi. Wakajaribu kiyeyushi peke yake, na kikafanya kazi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1963, na mwaka 1967 dawa ikaingia sokoni Ufaransa kwa jina la Depakine. Huku kwetu wengi wanaijua kwa jina la Epilim. Wakati huohuo daktari wa akili wa Ufaransa, Lambert, na wenzake walikuwa wanampa mgonjwa wa bipola (yule ambaye hali yake hupanda hadi halali, kisha hushuka hadi hatoki kitandani) ndugu wa karibu wa valproeti, na mwaka 1966 wakaripoti kwamba inatuliza. Marekani waliikubali kwa kifafa mwaka 1978, na kwa bipola wakangoja hadi 1995.

Ni dawa nzuri, na hilo nalisema kabla ya mabaya. Mwaka 2007 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao SANAD ulilinganisha dawa kadhaa, na kwa kifafa kinachoshika ubongo wote kwa pamoja, valproeti ndiyo iliyoongoza. Inafanya mambo mengi kwa mpigo: inabana milango ya sodiamu kwenye seli za neva, na inaongeza GABA, ile kemikali ya kutuliza ubongo. Dada yangu ana miaka 4 hajaanguka. Kabla ya hapo aliwahi kuangukia jiko la mkaa. Kovu lipo mkononi.

Sasa mwaka 1982. Lyon kulikuwa na daftari la watoto wanaozaliwa na kasoro, na mtafiti Elisabeth Robert aliona kitu kwenye daftari hilo: miongoni mwa mama wa watoto wenye mgongo wazi, waliokuwa wakimeza valproeti walikuwa wengi kupita kiasi. Wala haikuhitaji mashine. Ilihitaji daftari lililojazwa vizuri na mtu wa kulisoma. Mwaka 1984 madaktari wengine wakaeleza sura na dalili za watoto waliokaa tumboni na dawa hiyo.

Kwa nini mgongo? Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga. Hesabu mwenyewe: wanawake wengi siku hiyo bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Ukianza kufikiria dawa baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili, mrija umeshafunga, au haukufunga. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba valproeti huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kufunga na kufungua jeni, na inadhaniwa madhara kwa kijusi yanapitia hapo.

Na si mgongo tu. Utafiti wa NEAD, Marekani na Uingereza, ulipima akili za watoto wakiwa na miaka 3. Mwaka 2009 ukatoa wastani: waliokuwa tumboni na lamotrijini 101, valproeti 92. Leo makadirio ya Ulaya ni kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya makuzi ya ubongo.

Sasa linganisha tarehe. Onyo la kwanza 1982. Ulaya ilibana masharti mwaka 2014, ikabana tena 2018. Nchini Ufaransa ilibidi mama mmoja, Marine Martin, aanzishe chama cha familia mwaka 2011 ndipo jambo lisikike, na mwaka 2022 mahakama ya Paris ikasema kampuni ya Sanofi ilikosea katika wajibu wake wa kutoa taarifa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba dawa hii isiandikiwe wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Miaka 41! Dada yangu aliandikiwa akiwa na miaka 24, na anasema hakuna aliyemuuliza kuhusu watoto. Aliambiwa tu ameze asubuhi na jioni.

Lakini angalia mtego wa pili: kuacha ghafla. Ubongo uliozoea breki ukinyang'anywa breki, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kukatika, na hiyo inaua. Mwenye bipola naye anaweza kurudi kwenye wazimu wa kupanda. Ndiyo maana nilimkataza.

Kliniki wanamhamishia lamotrijini, na wanakwenda polepole mpaka anakasirika. Sababu ni ya kikemia: valproeti hupunguza karibu nusu ya kasi ya ini kuondoa lamotrijini, hivyo dozi ndogo inakuwa kubwa, na lamotrijini ikipanda haraka inaweza kuleta vipele vibaya vya kuchubua ngozi nzima. Kwa hiyo wiki kwa wiki, kimoja kinapanda, kingine kinashuka, na hadi zoezi liishe anatumia uzazi wa mpango. Foliki asidi ameshaanza, ingawa daktari alimwambia kweli kwamba hiyo haifuti hatari ya valproeti.

Jana kanitumia picha ya boksi mbili za zamani, ananiuliza ampe jirani ambaye binti yake, wa darasa la saba, naye anaanguka. Nimemwambia azirudishe famasi, na huyo binti wampeleke kliniki.