Kuandaa Orodha ya Vipuri kwa Mfumo wa Kompyuta

Orodha ya vipuri ni jedwali linalotaja kila sehemu ya mtambo, namba yake, kipimo chake na idadi inayohitajika. Nyingi huanzia kwenye Excel, kisha huingizwa kwenye mfumo wa kusimamia stoo, ununuzi na matengenezo. Mfumo husoma kilichoandikwa tu, haukisii alichokusudia mwandishi. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya faili kupakiwa.

Umuhimu wake huonekana zaidi mahali kama Mishamo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambayo leo yamo mkoani Katavi. Vijiji vyake viko mbali na maduka ya Mpanda mjini. Kipuri kisicho sahihi cha pampu ya maji kikiagizwa, nauli imepotea na wananchi wanaendelea kukosa maji.

Muundo wa jedwali

Vichwa vya safu vikae kwenye mstari mmoja wa juu, na kila mstari unaofuata uwe wa kipuri kimoja. Seli zilizounganishwa, mistari mitupu na jumla za chini ziondolewe. Kama rangi nyekundu ilimaanisha "kimeisha", iundwe safu ya "Hali", kwa kuwa rangi haisafiri na data. Idadi na kipimo vitenganishwe: "mita 3" iwe 3 kwenye safu moja na "mita" kwenye nyingine.

Namba na majina

Kipuri kimoja, namba moja. Tuchukue pampu ya mkono ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Malawi na Kenya. Bobini yake ya mpira hutumika kwenye plunja na pia kwenye vali ya chini. Ikiorodheshwa mara mbili, pengine kama "bobini" na "mpira wa vali", stoo itasema moja imeisha ilhali nyingine imejaa. Iandikwe mara moja kwenye orodha kuu. Jedwali la muundo wa pampu, linaloonyesha kila kipuri kinakaa wapi, ndilo liitaje chini ya plunja na tena chini ya vali.

Mitego ya Excel

Namba 00417 hugeuka 417, na bomba la 1/2 hugeuka tarehe. Dawa ni kuipanga safu iwe ya maandishi kabla ya kuijaza. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kubadili majina ya jeni kadhaa kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe. Mwaka huohuo, Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa karibu 16,000 wa UVIKO-19 kwa kuwa faili la Excel la muundo wa zamani huishia mstari wa 65,536.

Kuingiza

Vitangulie vipimo, makundi na wauzaji, vifuate vipuri, muundo wa mtambo uje mwisho, kwani hauwezi kutaja kipuri ambacho mfumo haujakijua. Faili lihifadhiwe kama CSV ya UTF-8, na nakala ya awali itunzwe. Ijaribiwe mistari michache, ilinganishwe na vipuri vilivyo rafuni, ndipo ipakiwe yote.

Kabla ya hapo, orodha isomwe na fundi anayeifungua pampu kwa mikono yake. Akikwama kwenye mstari wowote, mstari huo bado haujawa tayari.