Gauni la Malkia na Pamba ya Watumwa: Vazi kama Ushahidi wa Historia ya Ufaransa, 1783–1802

Mwaka 1783, katika maonyesho ya sanaa yaliyofanyika kila baada ya miaka miwili kwenye jumba la Louvre, Paris, mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alitundika picha ya Malkia Marie Antoinette. Malkia ameshika waridi, amevaa kofia pana ya majani na gauni jeupe la melimeli lililofungwa kiunoni kwa mshipi wa kitambaa. Hana taji wala vito, na hakuna hariri ya kifalme mwilini mwake. Watazamaji wakachukia, wakasema malkia ameanikwa hadharani akiwa na shimizi. Picha ikaondolewa. Mchoraji akaleta nyingine, malkia akiwa na waridi vilevile, lakini safari hii amevaa hariri.

Wanahistoria wengi hukitaja kisa hiki kama kituko cha ikulu, kisha hurudi kwenye yale wanayoyahesabu kuwa mazito: madeni ya serikali, kodi, mabaraza. Makala haya yanashikilia kwamba gauni lile lilikuwa miongoni mwa mambo mazito yenyewe, na kwamba anayelipuuza hukosa kuona jinsi utawala wa kale ulivyopoteza heshima yake kabla ya kupoteza madaraka.

Katika Ufaransa ya wakati ule vazi lilitangaza cheo cha mtu kabla hajafungua kinywa. Hariri ilikuwa pia riziki ya wafumaji wa Lyon, waliotegemea ikulu iwe mnunuzi wao na kioo cha bidhaa zao. Pamba, kwa upande wake, iliingia kwa vita. Kuanzia 1686 hadi 1759 dola ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya maua kutoka India, ili kuwalinda wafumaji wa hariri na sufu. Marufuku hayo hayakufua dafu. Watu waliendelea kuvaa vitambaa vya magendo, na ilipofika 1760, mara tu baada ya katazo kuondolewa, Christophe-Philippe Oberkampf alianzisha kiwanda cha kupiga chapa vitambaa huko Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Mwanahistoria Daniel Roche, aliyechambua orodha za mirathi za wakazi wa Paris, ameonyesha kwamba katika karne hiyo ya 18 hata watumishi wa nyumbani na vibarua waliongeza idadi na thamani ya nguo zao, na pamba ikaenea humo. Kwa hiyo malkia alipovaa melimeli, alishuka kwenye ngazi ambayo raia wake walikuwa tayari wanaipanda. Hapo ndipo penye kiini cha ghadhabu: mpaka wa cheo ulikuwa umefifia, na aliyeufifisha ni yule yule aliyepaswa kuulinda.

Miaka sita baada ya picha hiyo, mabaraza ya matabaka matatu yalipofunguliwa Versailles mwezi Mei 1789, itifaki ya mfalme iliagiza wawakilishi wa tabaka la tatu, yaani watu wasio makasisi wala makabaila, wavae nguo nyeusi za kawaida, huku makabaila wakimetameta kwa dhahabu na manyoya kofiani. Agizo hilo lilizidi kuwachoma wawakilishi ambao tayari walijiona wanadharauliwa. Mapinduzi nayo yalilitambua suala hili, kwani tarehe 29 Oktoba 1793, siku 13 baada ya malkia kukatwa kichwa, Bunge lilipitisha amri kwamba mtu asilazimishwe kuvaa namna fulani ya mavazi.

Kuna pingamizi la haki kwamba picha hutusimulia habari za wenye mali tu. Jibu rahisi ni kumtaja mchoraji Chardin, ambaye mwaka 1739 alimchora mtumishi akirudi kutoka sokoni na mikate mikubwa. Lakini jibu hilo halitoshi. Waliozinunua picha za Chardin walikuwa watu wenye uwezo, na utulivu wa jiko lake hauonyeshi njaa, wakati mkate ulikuwa ukimeza sehemu kubwa ya ujira wa kibarua na, Oktoba 1789, uliwatoa wanawake wa Paris kwa miguu hadi Versailles. Picha lazima isomwe pamoja na bei, orodha za mirathi na hati za shehena.

Hati za shehena ndizo zinazotufikisha mbali zaidi. Pamba ilivunwa pia na watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi. Miongoni mwa watumwa wa koloni hilo walikuwamo waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa kupitia Msumbiji. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Weupe wa gauni la 1783 hauwezi kutenganishwa na biashara hiyo.

Mwaka 1800 Marie-Guillemine Benoist, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Vigée Le Brun, alionyesha picha ya mwanamke Mwafrika aliyejifunga kilemba cheupe na kitambaa cheupe, kifua wazi. Utumwa katika makoloni ulikuwa umefutwa 1794. Napoleon akaurudisha 1802. Mwanamke huyo alitoka Guadeloupe, na kwa zaidi ya karne mbili umma uliitazama sura yake bila kuelezwa jina, hadi maonyesho ya makumbusho ya Orsay mwaka 2019 yalipomtaja kuwa Madeleine.

Wahadhiri wa vyuo vyetu wanaofundisha mapinduzi ya Ufaransa wazitundike picha hizi mbili, ya 1783 na ya 1800, ubaoni, waweke mkataba wa Kilwa kando yake, na wawatake wanafunzi wavisome vyote vitatu katika kipindi kimoja.